Umepokea kwa Nani?

Kalamu ni chombo chepesi mkononi, lakini ni kizito katika hesabu. Asemaye uongo barazani huwadanganya waliokaa naye. Auandikaye na kuupiga chapa huwadanganya hata wasiozaliwa. Uongo ukihusu bei ya karafuu, hasara yake huwa ya mfuko, na mfuko uliotoboka hushonwa ukajazwa tena. Uongo ukihusu dini, hasara yake huingia mahali pasipo na mizani ya kuipimia wala soko la kuifidia, kwa kuwa dini ni jambo ambalo watu huishi kwalo na hufa nalo. Kwa hiyo mtu aliyekabidhiwa kuhariri jarida la elimu ya dini hakupewa cheo tu. Amepewa amana, na kila amana ina masharti yake.

Tunguu, katika Wilaya ya Kati ya Unguja, ni mahali panapofaa kulitafakari jambo hili. Pana vyuo vikuu viwili. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianzishwa mwaka 1998, na humo sharia ya Kiislamu husomeshwa pamoja na sheria za nchi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kufundisha mwaka 2001, na kampasi yake kuu iko hapo hapo Tunguu. Kijana wa Kiunguja aliyeanza chuoni kwa shekhe, akahitimu Kurani, kisha akasoma fikihi na nahau kwa kukaa jamvini, akifika katika kampasi hizo hukuta desturi nyingine: makala, tanbihi, marejeo, na wahakiki wasiotaja majina yao. Aghalabu hudhani ameingia nchi ya kigeni ambayo sheria zake zilitungwa mbali na watu wengine. Dhana hiyo si ya kweli, na yafaa iondolewe mapema, maana mtu hashiki kwa moyo sheria anayodhani ni ya jirani.

Kwanza yapasa kutenga mambo mawili ambayo huchanganywa. Liko gazeti la mawaidha na liko jarida la elimu. Gazeti la mawaidha lina lengo lake, nalo hulitaja waziwazi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alipotoa gazeti lake mwaka 1932 aliliita Al-Islah, yaani matengenezo. Alitaka kuwatengeneza Waislamu wa pwani, na jina la gazeti lilitangaza nia yake kabla msomaji hajafunua ukurasa. Hapana aliyedanganyika. Jarida la elimu hutoa ahadi nyingine: huahidi kwamba lililochapwa ndani yake limepimwa na mtu asiye na faida katika matokeo ya kipimo. Ahadi hizi mbili ni njema zote. Ubaya huanza pale mawaidha yanapovaa joho la elimu, msomaji akauziwa moja kwa jina la jingine.

Ahadi ya kupima habari kabla ya kuieneza si ngeni Unguja. Ni ya kale kuliko vyuo vikuu, na kila aliyesoma elimu ya hadithi za Mtume anaijua. Wanavyuoni wa hadithi hawakuanza kwa kuuliza kama neno ni zuri. Walianza kwa kuuliza: umepokea kwa nani? Mtu alipotaja jina la aliyemsikia, waliuliza tena: je, mlionana? Mliishi zama moja? Hifadhi yake ilikuwaje? Alikuwa mkweli katika biashara yake na katika jirani zake? Mlolongo huo wa majina waliuita isnadi, na elimu ya kuwapima watu waliomo ndani yake, kwa kuwatoa kasoro au kuwathibitisha, waliiita jarhi na taadili. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakupata heshima yake kwa wingi wa maneno aliyoyakusanya. Aliipata kwa wingi wa maneno aliyoyaacha.

Hata masomo ya Unguja yalipita katika mlolongo wa namna hiyo. Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi mashuhuri, na rafiki yake Sheikh Abdalla Bakathir, waliofariki wote wawili mwaka 1925, walijulikana kwa waliowasomesha na kwa waliosomeshwa nao. Mwanafunzi alipewa ijaza, yaani ruhusa ya kufundisha kitabu fulani, na ruhusa hiyo ilimtaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu. Tanbihi chini ya ukurasa ni mtoto wa ukoo huo. Anayeiba sentensi ya mwenzake bila kumtaja hakukosea kanuni ya wageni; amekata isnadi, na hilo lilikuwa aibu hapa kabla mtambo wa chapa haujafika.

Lakini wakaguzi wa hadithi walifahamu jambo lililo gumu zaidi, nalo ndilo kiini cha maadili yote ya uhariri: adui mkubwa wa ukweli wa dini si chuki peke yake, bali ni mapenzi. Imepokewa kwamba Ali bin al-Madini, mwalimu wa Bukhari, aliulizwa habari za mpokezi mmoja wa hadithi ambaye alikuwa baba yake mzazi. Aliwataka wamwulize mtu mwingine. Waliposhikilia, aliinamisha kichwa, kisha akawaambia kwamba jambo hili ni la dini, na kwamba baba yake ni dhaifu katika upokezi. Watu wa leo huliita jambo hilo mgongano wa maslahi, na hulitungia fomu za kujaza. Ali bin al-Madini hakuwa na fomu. Alifanya mambo mawili ambayo fomu hutafuta: kwanza alitaka kujitoa katika hukumu inayomhusu, na alipolazimishwa kuhukumu hakumpendelea aliyemzaa.

Kinyume chake ni kisa cha Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa Marw katika karne ya nane. Imepokewa kwamba aliulizwa alikozipata hadithi za fadhila za kila sura ya Kurani, naye akakiri kuwa alizibuni, kwa sababu aliona watu wameshughulika na fikihi na habari za vita hata wakaipa Kurani mgongo. Hakutafuta mali wala cheo. Alitaka watu wasome Kitabu. Wakaguzi hawakumsamehe. Naye Imam Muslim, katika utangulizi wa mkusanyo wake, alieleza kwamba uongo waweza kupita vinywani mwa watu wema bila ya wao kuukusudia. Mwizi wa kawaida hujua kwamba anaiba, kwa hiyo huogopa. Mwongo wa nia njema hudhani anatoa sadaka, kwa hiyo hajifichi wala hajuti. Mhariri wa jarida la fizikia hupambana na wa kwanza zaidi. Mhariri wa jarida la dini hupambana na wote wawili, na wa pili hufika mlangoni akiwa na salamu, tasbihi au msalaba, na moyo safi.

Desturi ya majarida yenyewe ilizaliwa Ulaya. Mwaka 1665 Henry Oldenburg alianza kutoa mjini London jarida la Philosophical Transactions, na kwa muda wa karne kadhaa ikakua kanuni kwamba makala ipelekwe kwa wajuzi waisome kabla ya kuchapwa. Katika majarida mengi ya leo mwandishi hamjui mhakiki, na mhakiki hamjui mwandishi. Kwa mtazamo wa haraka kanuni hii yaonekana kupingana na isnadi: kule jina hutafutwa, huku jina hufichwa. Lakini makusudi ni mamoja. Jina la chanzo hutajwa ili neno lipimwe. Jina la mwandishi hufichwa ili neno lisipimwe kwa kilemba cha msemaji wake. Mwanafunzi wa Tunguu asiye na cheo na profesa mwenye vitabu kumi husomwa kwa jicho moja.

Hata hivyo kanuni hiyo ina shida yake katika kisiwa. Wajuzi wa historia ya twarika au wa fikihi ya Kiibadhi katika Unguja hawajazi chumba. Mhakiki akisoma kurasa mbili humtambua mwandishi kwa mkato wa sentensi, kama mtu amtambuavyo ndugu yake kwa mwendo. Huenda huyo ni mwanafunzi wake, au mkwewe, au mpinzani wa shekhe wake. Kuficha jina hapo ni kujifunika kwa wavu wa dagaa. Dawa ni ile ya Ali bin al-Madini: mhakiki aseme, "Huyu namjua, mwulizeni mwingine." Na mhariri akubali gharama ya kutafuta mwingine, hata Mombasa, hata Maskati, hata kama toleo litachelewa. Jarida lililochelewa huonewa haya kwa mwezi mmoja. Jarida lililopendelea huonewa haya siku zote.

Yamkini mtu atasema kwamba hatari hizi ni za vyuo vichanga na visiwa vidogo. Kisa cha Chuo Kikuu cha Harvard chatosha kuiondoa faraja hiyo. Mnamo Septemba 2012, mjini Roma, Profesa Karen King alitangaza kipande kidogo cha mafunjo chenye maandishi ya Kikopti, ambamo Yesu alionekana akisema habari za mke wake. Habari ilienea duniani kwa siku moja. Jarida la Harvard Theological Review lilikuwa limepokea makala yake, lakini miongoni mwa wahakiki walikuwamo waliotia shaka, nalo likasubiri vipimo vya mafunjo na wino. Mnamo Aprili 2014 makala ikachapwa, na katika toleo hilo hilo ikachapwa makala ya Leo Depuydt iliyodai kwamba kipande ni cha kughushi. Hadi hapo mhariri aweza kusifiwa: alisubiri, alipima, na alimpa mpinzani nafasi.

Kasoro ilikuwa pengine. Mwenye kipande alikuwa ameomba jina lake lisitajwe, na karatasi zake za umiliki zilipokewa bila kufuatiliwa hadi mwisho. Katika mwezi ule ule Christian Askeland alionyesha kwamba kipande kingine kilichotoka kwa mtu huyo huyo, cha Injili ya Yohana, kilifuata mikato ya mistari ya matini iliyochapwa mwaka 1924. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar alichapisha katika The Atlantic uchunguzi wake wa mwenye kipande na karatasi zake, na Profesa King akakiri kwamba ushahidi sasa waelemea upande wa kughushi. Jarida lilijibu kwamba lenyewe halikuwahi kutoa hukumu juu ya uhalisi wa kipande. Jibu hilo huenda likatosha mbele ya mwanasheria. Mbele ya msomaji ni kazi kutosha, kwa maana msomaji huamini kwamba kuchapa ni namna ya kushuhudia.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Mitambo ya gharama ilipima wino, wajuzi wakapima herufi, na swali lililokifumua kisa lilikuwa ni lile ambalo mtoto wa madrasa ya Ukutani angeliuliza kwanza: umepokea kwa nani? Naye Nuh bin Abi Maryam alikuwapo pia kwa sura nyingine, kwani wengi walilitaka neno lile liwe kweli, na wengine walilitaka liwe uongo, kabla ya kulisoma.

Zanzibar nayo ina kisa chake cha uchapishaji wa elimu ya dini, na ndani yake yamo ya kujifunza. Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kiingereza aliyefanya kazi Unguja, alitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na tafsiri yake ikachapwa London mwaka 1923 pamoja na dibaji na maelezo. Mwaka 1953 misheni ya Ahmadiyya ilitoa tafsiri nyingine mjini Nairobi. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, hakuridhika na hii wala ile, naye akatafsiri mwenyewe. Kazi yake kamili ilichapwa Nairobi mwaka 1969 kwa jina la Qurani Takatifu. Wafuasi wa pande hizo hawakupendana katika jambo hili, na maneno yao yalikuwa makali. Lakini kila mmoja alitia jina lake, kila mmoja alionekana amesimama upande gani, na Sheikh Farsy aliwajibu wapinzani wake kwa maandishi ambayo nao wangeweza kuyajibu. Ugomvi wa wanavyuoni ukipita katika kalamu iliyo wazi, msomaji hufaidika. Ukipita katika droo ya mhariri, makala ikafungiwa humo mpaka mwandishi achoke, msomaji hana analofaidi ila ukimya asioujua sababu yake.

Sheikh Farsy aliandika pia kitabu juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Alikuwa mmoja wao, na aliandika kwa mapenzi ya mwanafunzi kwa walimu wake. Randall Pouwels alipokitafsiri kwa Kiingereza na kukitolea maelezo, kikachapwa Marekani mwaka 1989, kichwa cha tafsiri kilimwambia msomaji kwamba anayosoma ni maandishi ya kuwasifu watu wema. Jina la mwenye kitabu lilibaki mahali pake, maneno yake yalibaki kuwa yake, na maelezo ya mhariri yakakaa kando. Huo ni mfano mzuri wa uhariri: kumheshimu mwandishi bila kumficha msomaji kitu. Mhariri asiyependa mapenzi ya mwandishi asiyakwangue kimyakimya. Ayaache, kisha aseme ni nini.

Iko haki nyingine ambayo husahauliwa kwa urahisi, nayo ni haki ya wanaoandikwa. Mtafiti huenda Makunduchi au Donge, akakaribishwa kahawa, akaambiwa habari za mizimu, za dhikiri, au za ugomvi wa msikiti, na mzee husema naye kama asemavyo na mjukuu. Hakumwambia dunia, alimwambia mgeni wake. Kabla ya kuchapa yapasa kuuliza: mzee alijua kwamba maneno yake yatachapwa? Aliridhia jina lake litajwe? Je, ataweza kuishi kwa amani na jirani zake baada ya toleo kutoka? Mzee huyo si mhakiki, si mwandishi wala si mhariri, kwa hiyo hana kiti mezani. Mhariri ndiye wakili wake.

Kadhalika wapo wanaoandikwa kwa mkusanyo wao. Katika Unguja Waislamu wa Kishafi wameishi na Waibadhi, na masultani walikuwa na makadhi wa madhehebu yote mawili. Wapo Mashia wa namna mbalimbali, wapo Wahindu, na kanisa kuu la Anglikana liko Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Makala juu ya Waibadhi isomwe na mtu aijuaye elimu yao kutoka katika vitabu vyao, wala si kutoka katika vitabu vya waliowapinga tu. Makala juu ya Wakristo wa Unguja ifanyiwe vivyo hivyo. Kipimo ni chepesi kukitamka: mwenye dini hiyo akiisoma makala, hata kama haipendi, je, atajitambua ndani yake? Akisema, "Huyu aliyeelezwa si mimi," basi jarida limechora mtu asiyekuwapo na kumwita jirani.

Zama hizi zimeleta majaribu mapya juu ya yale ya kale. Yapo majarida yanayochapa chochote maadamu ada imelipwa, na mwalimu anayehitaji makala ili apandishwe cheo huyaona kama daraja fupi. Daraja hilo limejengwa kwa karatasi. Zipo pia programu za akili mnemba ziwezazo kutunga kurasa kumi kwa dakika moja, zikataja hata vitabu visivyokuwapo na hadithi zisizopokewa na mtu. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997 na kujulikana kwa herufi COPE, ilieleza mwaka 2023 kwamba programu ya namna hiyo haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kubeba jukumu la kazi. Wakaguzi wa hadithi wasingelihitaji kuambiwa. Mpokezi asiyejulikana alikozaliwa wala aliyemsikia, asiyeweza kuitwa akaulizwa, waliwahi kumtungia jina: majihuli.

Mwisho wa masharti ni kusahihisha. Kila jarida litakosea, maana linatengenezwa na watu. Tofauti kati ya jarida zuri na baya haiko katika kukosea. Iko katika mahali kosa linapotajwa. Jarida baya hulinong'oneza. Jarida zuri hulichapa, kwa herufi za ukubwa ule ule, likasema makala fulani ya mwaka fulani ilikuwa na kosa hili, na sahihi ni hii. Na kosa likiwa kubwa huifuta makala na kueleza sababu. Wahariri wengi huogopa kwamba wakifanya hivyo heshima ya dini itapungua. Wanachanganya dini na jarida. Dini ilikuwapo kabla ya jarida lao na itakuwapo baada yake. Kinachopungua ni majivuno ya ofisi, na majivuno yakipungua hapana aliyeibiwa.

Basi kijana wa Tunguu atakayekabidhiwa siku moja kalamu ya mhariri asidhani kwamba amevishwa nguo ya kuazima. Kanuni atakazozisimamia zina majina mapya, lakini swali lililo chini yake ni la kwao. Makala itakapomjia iliyoandikwa vizuri, yenye kuisifu imani yake, yenye kuwatuliza watu wake na kuwanyamazisha wapinzani wake, hapo ndipo aivue miwani aifute, aivae tena, kisha aulize kwa upole na bila kuchoka: umepokea kwa nani? Na asipopata jibu airudishe, hata kama moyo wake waipenda. Na ikiwa moyo wake waipenda sana, airudishe upesi zaidi.